Plagi za magari ya zamani: uteuzi wake katika mazingira ya Moshi na miteremko ya Kilimanjaro

Plagi ni kifaa cha injini ya petroli kinachotoa cheche ya umeme ndani ya silinda ili kuwasha mchanganyiko wa hewa na petroli uliokwisha kubanwa na pistoni. Katika magari ya zamani, hususan yale yenye kabureta na distributa, uteuzi wa plagi una uzito wa pekee, kwa kuwa injini hizo hazina vihisio vinavyorekebisha mchanganyiko wakati gari likitembea, na hivyo kila kasoro huishia kwenye ncha ya plagi. Mkoani Kilimanjaro jambo hilo huongezewa ugumu na mwinuko wa nchi: mji wa Moshi uko kwenye kimo cha mita 800 hadi 900 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali barabara ipitayo Himo na Marangu hupanda hadi lango la hifadhi ya Mlima Kilimanjaro lililo karibu na mita 1,880, umbali usiofika kilomita 50.

Muundo na asili

Cheche ya umeme ilitumika katika injini ya gesi ya Étienne Lenoir mwaka 1860, lakini plagi ilianza kutegemewa katika magari baada ya mwaka 1902, pale Gottlob Honold, mhandisi wa kampuni ya Robert Bosch ya Ujerumani, alipoiunganisha na magneto yenye kutoa umeme wa volti nyingi. Umbo lake halijabadilika sana tangu hapo. Katikati hupita elektrodi, yaani kijiti cha metali kinachopeleka umeme. Kijiti hicho huzungukwa na kauri nyeupe inayozuia umeme usivuje. Nje huwa na ganda la chuma lenye nyuzi za kufungia kwenye silinda hedi, na chini ya ganda hilo hutokeza elektrodi ya pili iliyopinda. Cheche huruka katika uwazi ulio kati ya elektrodi hizo mbili, ambao mafundi huuita gepu.

Daraja la joto

Daraja la joto ni kipimo cha wepesi wa plagi kutoa joto kwenye ncha yake na kulipeleka kwenye silinda hedi. Plagi ya moto ina kauri ndefu inayokaa na joto, na plagi baridi ina kauri fupi inayolitoa haraka. Ncha hufanya kazi vizuri inapokuwa kati ya nyuzi joto 450 na 850 za Selsiasi hivi, kwa kuwa chini ya hapo masizi hayaungui bali hujilimbikiza, na juu ya hapo ncha yenyewe huweza kuwasha mchanganyiko kabla ya cheche, jambo linaloweza kutoboa pistoni.

Mnunuzi hana budi kuelewa kwamba watengenezaji hawahesabu daraja hili kwa mtindo mmoja. Kwa NGK na Denso, kampuni za Japani, namba kubwa humaanisha plagi baridi zaidi, na 6 ya NGK hulingana na 20 ya Denso. Kwa Bosch na Champion, namba kubwa humaanisha plagi ya moto zaidi. Anayelinganisha namba za kampuni mbili bila jedwali la ulinganisho anaweza kufunga plagi iliyo kinyume kabisa na aliyokusudia.

Athari za mwinuko

Uzito wa hewa hupungua kwa takriban asilimia 1 kwa kila mita 100 za kupanda, hivyo hewa ya Moshi mjini ni pungufu kwa asilimia 8 hivi kuliko ya pwani, na ile ya lango la Marangu kwa asilimia 17 hivi. Kabureta haitambui tofauti hiyo. Jeti yake, yaani tundu dogo linalopima petroli, hupitisha petroli nyingi kuliko hewa hiyo nyepesi inavyostahili, na matokeo yake ni moshi mweusi, nguvu kupungua, na plagi kujaa masizi hadi injini ianze kumisi, yaani silinda moja au zaidi kukosa kuwaka. Hali hii huonekana kwa magari ya kabureta yanayotoka Dar es Salaam kila Desemba, familia zinapopanda Rombo, Marangu na Machame kwa ajili ya Krismasi.

Wapo wanaotibu tatizo hilo kwa kufunga plagi ya moto zaidi ili iunguze masizi. Tiba hiyo huficha dalili na kuacha chanzo, kwani petroli iliyozidi huendelea kuosha mafuta ya kulainishia kwenye kuta za silinda. Vilevile kabureta iliyopunguziwa petroli ili ifae mlimani huwa na upungufu wa petroli gari linaposhuka kupitia Same na Korogwe kuelekea pwani kwa mwendo wa kasi, na hapo plagi ya moto huongeza hatari ya kuunguza injini.

Miteremko yenyewe huipa plagi kazi mbili zinazopingana. Pikapu iliyosheheni saruji na kupanda Kibosho kwa gia ya pili huchemsha ncha za plagi kwa muda mrefu. Ikirudi na mikungu ya ndizi huku dereva ameachia pedeli na gari likizuiwa na gia, silinda hufyonza hewa kwa nguvu, na ikiwa sili za valvu zimechakaa, mafuta ya injini hupenya na kulowesha plagi. Kwa sababu hiyo daraja lililowekwa na mtengenezaji, ambalo ni la wastani, ndilo hufaa zaidi, na likibadilishwa lisivuke hatua moja.

Vipimo na gepu

Plagi yenye daraja sahihi huweza bado kuharibu injini ikiwa vipimo vyake havilingani. Volkswagen ya injini ya nyuma, iitwayo Kobe, hutumia plagi yenye nyuzi za upana wa milimita 14 na urefu wa milimita 12.7, kama vile B6HS ya NGK, ilhali injini nyingi za Toyota za miaka ya 1970 na 1980 huhitaji urefu wa milimita 19. Ndefu ikifungwa mahali pa fupi, ncha yake huweza kugongwa na pistoni. Fupi ikifungwa mahali pa ndefu, nyuzi zilizobaki wazi hujaa masizi.

Gari linalotumia pointi, yaani vipande viwili vya metali vinavyokata umeme ndani ya distributa, huwa na koili isiyo na nguvu kubwa, hivyo gepu yake kwa kawaida huwa kati ya milimita 0.6 na 0.8. Plagi ya NGK yenye tarakimu 11 mwishoni mwa namba yake huwa na gepu ya milimita 1.1, ambayo huweza kuishinda koili ya namna hiyo. Plagi za iridi na platini hudumu muda mrefu na huhitaji volti chache, lakini katika injini inayokula mafuta ya kulainishia huchafuka kama nyingine, na gharama yake hupotea bure.

Kusoma plagi

Plagi iliyofunguliwa baada ya mwendo mrefu hueleza hali ya silinda yake. Kauri ya rangi ya kahawia hafifu huonyesha afya. Masizi meusi makavu huonyesha petroli kuzidi, kisafisha hewa kuziba kwa vumbi la nyanda za chini, au choki kutumika mno katika baridi ya Juni na Julai. Weusi wenye unyevu wa mafuta huonyesha ringi au sili za valvu zimechakaa. Weupe wenye malengelenge huonyesha joto kupita kiasi. Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa pia huleta masizi na kufanya injini igonge, na ni kwa sababu ya uchakachuaji kwamba EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji nchini Tanzania, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za kutambulisha mafuta halali, katika mafuta mwaka 2010.

Ununuzi na ufungaji

Plagi bandia hutambulika kwa maandishi yaliyofifia, nyuzi zenye makwaruzo, elektrodi ya kati iliyokaa upande, na washa, yaani pete ya kuziba, inayochomoka kirahisi. Plagi hufungwa injini ikiwa imepoa, kwanza kwa mkono hadi iguse, kisha kwa spana nusu mzunguko hadi theluthi mbili ikiwa washa ni mpya, na huwekwa zote kwa pamoja ili silinda ziwake sawasawa.

Kwa gari la zamani linalotumika Moshi na vijiji vya mlimani, plagi sahihi ni ile iliyotajwa katika kitabu cha injini husika, yenye urefu, daraja na gepu vilivyoandikwa humo. Marekebisho yanayodaiwa na mlima hufanywa kwenye kabureta.