Mgandamizo wa Ugwe wa Mgongo

Mwambie mzee wa Shinyalu, Kakamega, kwamba uti wake wa mgongo umebanwa, na jamaa zake watauliza kwanza kama ugonjwa huo unaambukiza. Wana haki ya kuuliza. Katika matangazo ya chanjo, "uti wa mgongo" ni ile homa ya tando za ubongo. Wengine huelewa mifupa yenyewe. Kinachobanwa ni ugwe wa mgongo: kamba laini ya neva, nyembamba kama kidole kidogo cha mkono, urefu wake sentimita 45 hivi, inayoshuka ndani ya mfereji wa pingili.

"Mgandamizo" linafaa pale ugwe unapolemewa na kitu. Hemanjioma, yaani uvimbe wa mishipa ya damu ndani ya pingili, mara nyingi haina madhara. Ikitoka nje ya mfupa na kuingia mferejini, daktari huondoa tao la pingili ili ugwe upate nafasi.

Lakini kuna hali inayowapata zaidi wanaume waliopita miaka 50, na hapo neno hilo linapotosha. Ateri imejiunga moja kwa moja na vena kwenye utando unaofunika mzizi wa neva. Vena zinafura kwa msukumo wa damu ya ateri, na damu ya ugwe wenyewe inakosa njia ya kutokea. Miguu inalegea mwezi baada ya mwezi, kisha mkojo unagoma. Huu ni msongamano wa damu, na tofauti hiyo iliwagharimu wagonjwa wengi. Madaktari waliwahi kuzibandua vena zilizofura, wakidhani ndizo ugonjwa, kumbe wanaunyima ugwe mifereji yake. Mwaka 1977, Brian Kendall na Valentine Logue wa London walionyesha kwamba kasoro iko kwenye kiungo kile kidogo cha ateri na vena. Tangu hapo upasuaji hulenga kufunga vena moja tu.

Hali hii madaktari huiita fistula. Kwa Kakamega siipendekezi: hapa fistula ni jeraha la uzazi linalomfanya mama avujwe na mkojo. "Mshipa" nalo halitoshi, maana hubeba ateri, vena, neva, hata ngiri.

Mgonjwa akipewa rufaa kwenda Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, fomu ya idhini iseme hivi: "Tutafunga vena inayopeleka damu ya ateri kwenye ugwe wako wa mgongo." Naye ataweza kuuliza ni vena ipi, aonyeshwe kwenye picha.