Insulini ya Paka: Tiba Ilivyohamia Nyumbani

Matibabu ya kisukari cha paka yalianza kwa kuazima dawa ya binadamu. Insulini ilipatikana Toronto, Kanada, mwaka 1921, katika majaribio ya Frederick Banting na Charles Best juu ya mbwa waliotolewa kongosho. Januari 1922 Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, akachomwa sindano ya kwanza. Kwa miongo mingi iliyofuata dawa hiyo ilitokana na kongosho za ng'ombe na nguruwe wa machinjioni, na paka wakafaidika bila mtu kukusudia: insulini yao hutofautiana na ya ng'ombe kwa asidi amino moja tu, na ya binadamu kwa nne.

Insulini ya awali iliisha nguvu baada ya saa chache. Mwaka 1936 Hans Christian Hagedorn wa Denmark alionyesha kuwa ikichanganywa na protamini, protini ya mbegu za samaki dume, hufyonzwa polepole. Watafiti wa Toronto wakaongeza zinki. Mchanganyiko huo, PZI, ukaja kuwa tegemeo la paka. Hata hivyo, mwili wa paka huimaliza insulini upesi, ndiyo maana wengi huchomwa mara mbili kwa siku.

Tangu miaka ya 1980 viwanda viligeukia insulini ya binadamu inayozalishwa kwa vijidudu, na ile ya ng'ombe ikaadimika. Marekani iliidhinisha insulini mbili kwa paka: Vetsulin mwaka 2008 na ProZinc mwaka 2009. Zote mbili zina yuniti 40 kwa mililita, ilhali dawa nyingi za binadamu zina 100. Hapo ndipo hatari ilipo: dawa ya 100 ikivutwa kwa bomba la sindano la 40, paka hupata dozi mara mbili na nusu ya iliyokusudiwa, na sukari ikishuka mno anaweza kudegedega na kufa.

Lakini badiliko kubwa kuliko yote lilikuwa mahali pa kupimia sukari. Paka aliyesafirishwa hadi kliniki na kushikwa na wageni huingiwa na hofu, na hofu peke yake hupandisha sukari. Daktari aliyeamini namba iliyopimwa hapo aliweza kuongeza dozi isiyohitajika. Mnamo mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Zurich, akiwamo Claudia Reusch, walieleza jinsi tone la damu la ukingo wa sikio linavyotosha kwa kipimasukari cha mkononi. Mwenye paka akaweza kupima kabla ya kila sindano, na kufuatilia mkondo wa sukari mchana kutwa mnyama akiwa ametulia kwake.

Mwaka 2009 Kirsten Roomp na Jacquie Rand walichapisha matokeo ya paka 55 waliotumia insulini ya glajini, chakula chenye wanga kidogo na vipimo vya nyumbani mara kadhaa kwa siku. Asilimia 64 waliacha sindano. Kati ya walioanza utaratibu huo ndani ya miezi sita tangu kugunduliwa, asilimia 84. Takwimu hizi zinatia moyo kwelikweli, ingawa wenye paka hao walikuwa na bidii isiyo ya kawaida.

Tangu hapo, hata sindano si njia pekee: Desemba 2022 Marekani iliidhinisha kidonge cha bexagliflozini, kwa paka ambao hawajawahi kutibiwa kwa insulini.