Kutoka Gumegume Mpaka Bastola ya Kiunoni: Nani Alipanga Bei ya Silaha ya Mnyonge?

Mfanyabiashara wa Karatu anayefunga duka saa tatu usiku na kutembea na mauzo ya siku nzima mpaka nyumbani Ganako ana swali moja kichwani. Bastola ndogo, ya bei poa, inayokaa kiunoni chini ya shati bila mtu kujua, inapatikana wapi na kwa shilingi ngapi? Linaonekana swali la kisasa hilo. Kiukweli lina zaidi ya miaka mia moja, na jibu lake halijawahi kupangwa dukani. Lilipangwa na serikali, tena mara ya kwanza lilipangwa huko Ulaya, na watu ambao Ganako hawakuwahi hata kuisikia.

Kabla ya hapo kila mtu alijilinda kwa akili ya kwao. Wairaqw, ambao leo ndio wengi Karatu, walikuwa wamejibana kwenye milima ya Mbulu wakiogopa Wamasai kuja kuchukua ng'ombe. Walichofanya ni kuchimba nyumba ubavuni mwa kilima, paa la udongo likalingana na ardhi, watu na mifugo wakaingia humo humo. Mvamizi akitazama kwa mbali haoni kitu, anaona kilima tu. Yaani wenzetu hawakuficha silaha, walificha nyumba nzima! Nyumba za aina hiyo watalii wanaonyeshwa Karatu mpaka leo, na wengi wanapiga picha bila kujua kwamba wamesimama juu ya mfumo wa ulinzi.

Silaha ya kuficha nayo ilikuwepo. Sime ya Kimasai inakaa kiunoni, ndani ya ala, chini ya shuka. Inatoka kwa mhunzi, haili baruti wala risasi. Wadatoga walikuwa na mikuki yao, Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wana upinde na mshale wenye sumu mpaka kesho. Lakini kwa maana ya kutembea na kitu ambacho mwenzako hakioni, sime ndiyo bastola ya kwanza ya ukanda huu.

Bunduki zilikuja kutoka pwani na zilikuja nyingi sana. Mwaka 1888 mwakilishi wa Uingereza kule Zanzibar alikadiria kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 zinapita hapo kila mwaka kwenda bara. Nyingi zilikuwa mitumba, mabaki ya majeshi ya Ulaya. Askari wa huko akipewa bunduki mpya, ile ya zamani inapakiwa melini inakuja kubadilishwa na pembe za ndovu. Ilikuwa bei rahisi kwa sababu kwao haikuwa na kazi tena.

Wazungu wakashtuka. Walikuwa wanajiandaa kutawala, na huwezi kutawala mtu mwenye bunduki sawa na yako. Mwaka 1890 wakakutana Brussels, Ubelgiji, wakasaini mkataba uliotangazwa kuwa ni wa kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake wakaweka vifungu vya silaha. Eneo lote la Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, ambalo ni pamoja na Tanzania yote, lilipigwa marufuku kuingiziwa bunduki za kisasa. Kilichoruhusiwa kuuzwa ni bunduki za gumegume, zile za kuwasha kwa cheche za jiwe, zisizo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Wakati huo Ulaya yenyewe ilishaachana na gumegume miaka mingi.

Halafu kuna kipengele kitamu zaidi. Msafiri mwenye karatasi kutoka serikali yake, inayosema silaha ni ya kujilinda yeye mwenyewe, aliruhusiwa kupita nayo. Soma tena hapo. Neno "kujilinda" liliingia kwenye sheria ya silaha ya Afrika kwa ajili ya mgeni. Mwenyeji aliachiwa gobore la kushindilia kwa mdomo, ambalo ukishafyatua mara moja inabidi usimame uanze upya huku adui anakuangalia. Na gobore refu vile unalificha wapi?

Ubelgiji hiyohiyo, kwenye mji wa Herstal, haikupita miaka kumi ikaanza kutengeneza bastola ndogo bapa ya Mmarekani John Browning, ile inayoitwa FN ya 1900. Ikaingia mfukoni mwa koti bila kutuna, ikauzwa kwa maelfu kwa watu wa kawaida wa mijini. Ukitaka kujua mwanzo wa bastola ya bei nafuu ya kutembea nayo, anzia hapo. Mji wa kusaini marufuku na mji wa kiwanda viko nchi moja.

Ukanda wa Ngorongoro uliona matokeo kwa macho. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ndugu wawili Wajerumani walipewa ardhi ndani ya kreta yenyewe, wakafuga na kuwinda humo, wakajaribu hata kuwafukuza nyumbu watoke ili ng'ombe wao wapate majani. Unafikiri nyumbu walifukuzwa kwa fimbo? Baadaye, enzi za Mwingereza, Wajerumani wengine wakalima kahawa Oldeani, bunduki ya kuwindia ikiwa ni kifaa cha kawaida cha nyumbani. Septemba 1939 vita ilipoanza, wakulima hao wakakusanywa na serikali wakawekwa kizuizini, mashamba yakashikiliwa kama mali ya adui. Jana yake alikuwa mzungu mwenye bunduki, leo ni Mjerumani asiyeaminika. Leseni ni karatasi ya serikali, na serikali inaweza kuamka vibaya.

Uhuru ulipokuja, mfumo ulibaki uleule kwa sehemu kubwa: silaha ni ruhusa, siyo haki. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilimwaga bunduki za kivita mitaani, na wanyonge wa Usukumani wakajibu kwa sungusungu, pinde na mishale; halafu machafuko ya nchi jirani miaka ya 1990 yakamwaga nyingine. Ikatungwa sheria ya 1991, kisha ikaja Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, ambayo ndiyo inayotumika.

Ila bastola ya kiunoni kama fasheni, hiyo Arusha iliipata kwenye tanzanite. Pesa za Mererani zilileta aina mpya ya jamaa: gari kali, cheni, simu mbili, na shati lililopanda kidogo anapokaa baa ili watu waone mpini. Hapo ndipo kuficha kulipogeuka kuonyesha. Bastola iliyofichwa inalinda, iliyoonyeshwa inatangaza kwamba kuna mkwanja hapa. Agosti 2013 tajiri mmoja mkubwa wa madini hayo aliuawa mchana kweupe wilayani Hai kwa bunduki ya SMG, akapigwa risasi nyingi sana. Mbele ya SMG, bastola yoyote, ya bei chee au ya mamilioni, ni pambo tu. Waliopanga kifo chake walijua ratiba yake, na hilo hakuna silaha ya kiunoni inayolizuia.

Mwaka 2016 serikali ikaendesha uhakiki wa silaha nchi nzima, kila mmiliki apeleke chuma chake polisi kikaguliwe. Machi 2017 Watanzania wakaiona bastola iliyofichwa inavyotoka: jamaa mmoja aliyevaa kiraia, nje ya hoteli jijini Dar es Salaam, alichomoa mbele ya kamera kumzuia waziri aliyekuwa ametoka kuondolewa kazini asiongee na waandishi. Ile video iliishi kwenye simu za watu miezi mingi. Mpaka leo wengi wakisikia "bastola ya kiunoni" wanaona ile picha, hawamwoni mwenye duka anayeogopa vibaka.

Sasa huyo wa Ganako na bajeti yake. Bei ya chuma chenyewe ndiyo sehemu ndogo ya hesabu. Maombi yanaanza chini kwa viongozi wa kijiji au mtaa wanaokujua tabia, yanapanda kwenye kamati za ulinzi na usalama, yanapita polisi. Kila hatua ina siku zake, nauli zake na maswali yake: una ugomvi na nani, unakunywa kiasi gani, silaha utaitunza wapi? Kuna leseni, kuna risasi, kuna sehemu ya chuma ya kufungia ndani ya nyumba yenye watoto. Anayekimbilia njia ya mkato na kununua ya magendo ananunua kesi, na ndiyo maana karibu kila Septemba, mwezi ambao Umoja wa Afrika umeutenga kwa msamaha, polisi wanawaomba wenye vitu kama hivyo wavisalimishe.

Kitu kingine watu hawakisemi. Ganako iko jirani na msitu wa Ngorongoro. Usiku anayeingia shambani mara nyingi siyo mwizi, ni tembo, na kwa tembo bastola ni kelele ya hatari. Ukimjeruhi anarudi na hasira, ukimuua una kesi ya nyara za serikali. Wakulima wa huko wanapambana naye kwa tochi kali, mabati ya kugonga na pilipili iliyochanganywa na oili chafu, inayopakwa kwenye kamba kuzunguka shamba. Kamba, pilipili na oili anavipata sokoni Karatu, na mwenyekiti wa kijiji haulizwi chochote.