Karafuu Zisizo na Mchumaji

Umeme ukiwepo hapa Igamba, usiku nafungua laptopu nacheza Civilization VI, gemu ya mwaka 2016 ya kujenga miji na kukuza uchumi. Ndani yake Zanzibar ni mji-dola. Ukituma wajumbe wengi kuliko wachezaji wenzako, inakupa karafuu na mdalasini, raia wako wanafurahi. Basi! Hakuna aliyepanda, hakuna aliyechuma.

Mimi nimekulia kwenye kahawa ya Mbozi. Najua debe moja linavyochosha vidole. Nikasimamisha gemu, nikajiuliza: wachumaji wako wapi?

Historia inawajua. Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja kutoka Muscat, karibu mwaka 1840, mashamba ya karafuu yalipanuka kwa jasho la watumwa. Wengi walitoka bara, hata kando ya Ziwa Nyasa, si mbali sana na huku kwetu. Soko la watumwa lilifungwa 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria hadi 1897.

Bado nacheza, sikatai. Ila sasa karafuu zikiingia sifurahi haraka. Gemu inanionyesha mavuno. Waliovuna inabidi niwatafute vitabuni.