Mjomba Sam na ratili ya nyama

Aliyesoma Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ya mwaka 1969, anamjua Shylock, mkopeshaji Myahudi: kisu mkononi, mizani tayari, anadai ratili ya nyama kutoka mwilini mwa mdeni wake. Miaka ya 1920, katuni za magazeti ya Uingereza na Ufaransa zilimgeuza Mjomba Sam, mzee anayeiwakilisha Marekani, kuwa Shylock huyo huyo, na kofia yake ndefu yenye nyota. Kisa ni mikopo ya Vita Kuu ya Kwanza. Marekani iliwadai washirika wake takriban dola bilioni 10, na mwaka 1923 Uingereza peke yake ilikubali kulipa bilioni 4.6 kwa miaka 62. Kukopa harusi, kulipa matanga. Katuni zile zilichoma, lakini zilipotosha. Ziliamsha chuki ya kale dhidi ya Wayahudi, tena zikawaaminisha watu kwamba deni la mataifa ni suala la roho mbaya ya mdai.

Kumbe fundo lilikuwa forodhani. Nchi hazikuweza kulipa deni lile kwa noti zilizojichapia; zililipa kwa dhahabu, au kwa dola zilizozipata kwa kuuza bidhaa. Marekani ilipandisha ushuru mwaka 1922, kisha Juni 1930 Rais Herbert Hoover akatia saini sheria ya Smoot-Hawley iliyoupandisha zaidi, ingawa wachumi zaidi ya 1,000 walimsihi asifanye hivyo. Ndiyo maana naithamini zaidi katuni ya ukuta wa ushuru: mdaiwa yuko nje na shehena yake, mdai yuko ndani, na mlango umefungwa. Wapo wasemao katuni haiwezi kufundisha uchumi. Ukuta ule ulifundisha kwa mistari michache. Wengine watasema Marekani ilionewa, maana fedha zile zilitoka kwa wananchi wa kawaida walionunua hati fungani za vita. Ni kweli, na mwenye hati hastahili kuchorwa kama mla nyama za watu. Ila ukuta ule ule uliojengwa kwa jina lake ndio uliozuia fedha yake isirudi.

Desemba 1932 Ufaransa iligoma kulipa. Uingereza ililipa kwa dhahabu mwezi huo, na mwaka 1934 ikaacha kabisa. Finland, iliyodaiwa chini ya dola milioni 10, na ambayo rojo lake la mbao la kutengenezea karatasi liliingia Marekani bila ushuru, iliendelea kulipa.