Mfumo wa mafaili wa tabaka

Mfumo wa mafaili wa tabaka ni namna ya kuhifadhi data katika kompyuta ambamo saraka mbili au zaidi hupangwa moja juu ya nyingine na kuonekana kama saraka moja. Tabaka la chini kwa kawaida husomwa tu. Mabadiliko yote huandikwa katika tabaka la juu. Unaojulikana zaidi ni OverlayFS wa Miklos Szeredi, ulioingizwa katika kerneli ya Linux toleo la 3.18 mwaka 2014. Docker huutumia kuendesha kontena, na ruta nyingi zenye OpenWrt pia.

Unavyofanya kazi

Faili hutafutwa kwanza juu, kisha chini. Faili lililo chini likifunguliwa ili liandikwe, kwanza hunakiliwa juu, na tangu hapo nakala ya juu huifunika ya chini. Likifutwa, huwekewa tu alama ya kulificha. Ndiyo maana kufuta faili kubwa la tabaka la chini hakurudishi nafasi yoyote kwenye diski.

Hatari ya data kutolingana

Hatari kubwa inatokana na kule kunakili. Programu moja ikiwa imefungua faili la chini kwa kusoma tu, kisha nyingine ikalifungua kwa kuandika, ya pili hupata nakala mpya huku ya kwanza ikiendelea kusoma ya zamani. Jina la faili ni lilelile, yaliyomo ni tofauti, na hakuna ujumbe wa kosa unaotolewa. Tabia hii imeelezwa wazi katika nyaraka za kerneli. Iliisumbua yum, programu ya kusakinisha vifurushi, hadi ikatengenezewa kiongezi maalumu. Njia nyepesi ya kuikwepa ni kuligusa faili kwa amri ya touch kabla programu haijaanza, ili linakiliwe mapema.

Vilevile, faili lenye majina mawili linaweza kugawanyika: jina moja likabaki na data ya zamani. Chaguo la index huzuia hilo. Kubadilisha tabaka la chini moja kwa moja wakati mfumo unatumika hakuruhusiwi, na matokeo yake hayatabiriki.

Umeme ukikatika

Faili hunakiliwa kwanza katika saraka ya kazi, kisha huhamishiwa mahali pake kwa hatua moja. Saraka hiyo lazima iwe katika mfumo uleule wa mafaili na tabaka la juu. Chaguo la volatile huharakisha kazi kwa kutolazimisha data ifike diskini. Kompyuta ikizimika ghafla, tabaka la juu haliaminiki tena na inabidi kuanza na jipya. Halifai kwa data isiyoweza kupatikana tena.

Rekodi za wagonjwa

OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, siku hizi hutolewa pia kwa kontena za Docker. Kituo cha afya, tuseme wilayani Muheza, kikiacha hifadhidata yake ndani ya kontena, rekodi zote zitakuwa katika tabaka la juu, na kontena likiondolewa, kwa mfano wakati wa kusasisha programu, tabaka hilo hufutwa pamoja nalo. Hifadhidata huwekwa katika volyumu, nje ya tabaka kabisa, na nakala rudufu hutolewa kwa zana ya hifadhidata yenyewe, si kwa kunakili saraka ya tabaka la juu.