Kabla Ugeuze Buffalo Soldiers Kuwa Motivesheni, Soma Mpaka Mwisho

Wimbo wa Bob Marley, Buffalo Soldier, utausikia kwa matatu, kwa kinyozi, mpaka kwa harusi. Lakini uliza wasee hao wanajeshi walikuwa kina nani, na wengi wanakwama pale kwa dredi. Leo nataka tuongee kuhusu mbogi moja yao tu: wanaume 20 weusi ambao mwaka wa 1897 walipanda baiskeli huko Montana, kaskazini mwa Marekani, wakaenda kushukia St. Louis, Missouri. Hiyo ni karibu kilomita 3,050. Hesabu Nairobi hadi Mombasa mara sita, na bado kuna njia imebaki.

Ukipatana na hii stori mtandaoni, mara nyingi imefungwa kama motivesheni. Picha ya wanajeshi na baiskeli, halafu maneno ya kukuambia ujitume, dunia itakutambua. Mimi naona tunadanganyana. Wacha niisimulie yote, halafu utaamua.

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, bunge lao lilipitisha sheria mwaka wa 1866 iliyoruhusu vikosi vya kudumu vya wanajeshi weusi. Vikosi vilikuwa vya weusi, lakini maafisa karibu wote walikuwa wazungu. Kimoja kiliitwa 25th Infantry, na sehemu yake ilikuwa kambi ya Fort Missoula, Montana. Huko ndiko aliletwa luteni mzungu anaitwa James Moss. Alikuwa amemaliza chuo cha kijeshi cha West Point mwaka wa 1894, akashika mkia darasani.

Moss alikuwa na wazo moja: baiskeli inaweza kuchukua nafasi ya farasi. Haili nyasi, haipigi kelele, na barabara ikiwa nzuri inaenda haraka. Hapo 1896 akachukua wanajeshi wachache wakaendesha mpaka Yellowstone na kurudi. Ikafaulu. Mwaka uliofuata akataka jaribio kubwa kabisa, njia yenye milima, matope, mchanga, baridi na joto. Yaani alitafuta shida makusudi.

Tarehe 14 Juni 1897, asubuhi na mapema, wakatoka. Wanajeshi 20, Moss, daktari mmoja, na ripota wa gazeti anaitwa Edward Boos, kijana wa miaka 19. Huyo Boos leo tungesema anafanya kazi kama yetu. Kila mwanajeshi alibeba bunduki, risasi, blanketi, nusu ya hema na chakula cha siku mbili. Baiskeli na mzigo wake ilikuwa karibu kilo 27. Chukua bela ya unga, weka pakiti nyingine juu, halafu panda nayo mlima. Na hizi hazikuwa na gia za kubadilisha, kama tu Black Mamba ya kijijini.

Mvua iliwapata siku ya kwanza tu. Udongo wa kule ukilowa unashika gurudumu kama ule wa Kitengela au Utawala msimu wa mvua. Unasukuma kidogo, unasimama, unakwangua tope, unasukuma tena. Penye barabara ilishindikana, walihamia kwa reli na kuendesha juu ya mataruma, mwili wote ukitetemeka. Walipovuka safu ya milima ya Rocky karibu na Helena, walipigwa na theluji. Huo ni mwezi wa Juni, bana. Chakula kilikuwa kimewekwa kwa vituo vya reli vilivyoachana karibu kilomita 160, kwa hivyo matope yakiwachelewesha, njaa nayo inaingia.

Halafu mambo yakageuka. Kufika Nebraska, kwa zile nchi za mchanga, joto lilipanda mpaka karibu nyuzi 43. Gurudumu linazama kwa mchanga. Maji yaliyokuwako yalikuwa ya magadi, na yaliwaumiza matumbo. Moss mwenyewe aliugua akabaki nyuma siku kadhaa. Wengine walisonga.

Hapa ndipo unafaa kuwaona watu wenyewe. Kulikuwa na John Findley, aliyewahi kufanya kazi kwa kiwanda cha baiskeli Chicago. Huyo ndiye fundi, na kwa njia kama hiyo fundi ni mtu muhimu kuliko luteni. Kulikuwa na sajini Mingo Sanders, miaka kama 39, jicho moja halioni vizuri, mwanajeshi wa siku nyingi. Hawa walijitolea. Hakuna aliyewasukuma kwa baiskeli.

Tarehe 24 Julai wakaingia St. Louis. Waendesha baiskeli wa mji walitoka kuwalaki, na maelfu ya watu wakaenda kuwaona. Siku 41 tangu watoke, 34 kati yake za kuendesha. Wastani wa karibu kilomita 90 kwa siku, kama Nairobi hadi Naivasha, siku baada ya siku.

Video za motivesheni huwa zinaishia hapo. Makofi, muziki, kwisha.

Kilichofuata ni hiki. Jeshi liliwarudisha Montana kwa treni. Moss aliomba safari nyingine mpaka San Francisco, akakataliwa. Mwaka wa 1898 vita na Uhispania vikaanza, kikosi kikapelekwa Cuba, na mambo ya baiskeli yakaisha. Huko Cuba 25th Infantry ilipigana El Caney. Baadaye wakapelekwa Ufilipino. Sanders alikuwa huko kote.

Mwaka wa 1906, sehemu ya kikosi ilihamishiwa Brownsville, Texas, mji ambao haukuwataka. Usiku mmoja wa Agosti risasi zikapigwa mjini na mtu akauawa. Wazungu wa mji wakasema ni wanajeshi weusi. Maafisa wa kambi walisema watu wao walikuwa ndani. Hakuna mwanajeshi aliyekiri, hakuna aliyetaja mwenzake, na hakuna kesi iliyofanywa. Rais Theodore Roosevelt aliwafukuza wanajeshi 167 kwa mkupuo, bila heshima, bila pensheni. Agizo lilitangazwa baada ya uchaguzi wa Novemba kupita. Nadhani Mkenya hahitaji kuelezewa hiyo.

Kati ya hao 167 alikuwa Mingo Sanders. Miaka 26 jeshini, na alikuwa amebakisha kidogo tu afikie kustaafu. Aliomba arudishwe, akakataliwa. Akafa mwaka wa 1929 jina lake bado chafu. Moss naye alipanda mpaka kanali, akaandika vitabu vya mafunzo vilivyotumika sana jeshini.

Jeshi lilisafisha majina yao mwaka wa 1972, miaka 66 baadaye. Mmoja wa waliofukuzwa, Dorsie Willis, alikuwa bado hai. Hakuwa kwa ile safari ya baiskeli, alikuwa kijana wa kikosi hicho baadaye. Miaka mingi alikuwa ameishi kwa kung'arisha viatu kwa kinyozi Minneapolis. Akalipwa dola 25,000.

Sasa niambie hapo motivesheni iko wapi. Sanders alifanya kila kitu tunachoambiwa tufanye. Alijituma, alivumilia, hakulalamika, alithibitisha mbele ya nchi nzima kwamba anaweza. Siku ambayo alihitaji hiyo rekodi imtetee, hakuna aliyeifungua. Bidii yake haikuwa na kasoro. Shida ni kwamba waliokuwa wanapima walishaamua kabla ya kupima.

Sisemi usijitume. Hao wanaume waliendesha kwa sababu walitaka, na nikisoma venye walivuka mchanga wa Nebraska, naona watu waliojivunia kazi yao. Heshima hiyo ni yao, haikutoka kwa jeshi. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba ukiteseka kimya vya kutosha, mwenye nguvu lazima atakulipa. Sanders aliteseka theluji na jua, na mwenye nguvu akachukua pensheni yake.

Na kitu cha mwisho. Karibu kila tunachojua kuhusu ile safari kilitoka kwa ripoti za Moss na makala za Boos. Wale 20 hawakuachiwa nafasi ya kusimulia wenyewe. Tunajua njaa yao, matope yao, hata uzito wa baiskeli zao, lakini walichokuwa wanaongea usiku ndani ya hema hatujui. Kwa hivyo ukienda kuposti ile picha yao, usiandike maneno ya kujituma. Andika majina. Anza na Mingo Sanders na John Findley.